Maji ya Malaika

Morogoro,
6 Mei 2024

Sogokuru Pontien,

Shikamoo, babu yangu mtunza bwawa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ulinifundisha kwamba simu haina sahihi, na jambo ninalokuletea linadai sahihi.

Kamati itakayoamua hatima ya ukuta wa bwawa la mto Kamwelu itaketi Mpanda siku ya Alhamisi, tarehe 18 Julai. Siku hiyo tumeipigania kwa miaka minne, sisi wanafunzi ambao Mwalimu Maximilian anatuita watoto wa makaratasi. Ukuta ule ulijengwa ili mgodi upate maji ya kuoshea mawe. Mgodi ulifungwa kabla mama yangu Emelyne hajaolewa. Mashine ziliondoka, wenye mgodi waliondoka, hata barabara yao imeota nyasi. Ukuta peke yake umebaki kazini, ukimtumikia bwana aliyekwisha kuhama. Nyuma yake limebaki dimbwi katikati ya mchanga na magugu. Mbele yake, kuanzia Julai, hakuna mto. Kuna kokoto, na viboko wanaolaliana kwenye tope la mwisho kama viazi ndani ya gunia. Kambale waliozoea kupanda na mvua za kwanza kwenda kutaga mabondeni kule juu wanagonga vichwa kwenye zege, na vizazi vyao vinaishia hapo.

Kwa hoja hizi tungeshinda hata mbele ya kamati ya mawe. Lakini Mwalimu Maximilian, anayewasemea wakulima wa nyanya wanaovuta maji ya dimbwi kwa mashine, amepata silaha, na silaha hiyo niliifua mimi mwenyewe. Ni ukurasa wa arobaini na moja wa tasnifu yangu ya shahada ya kwanza. Unakumbuka fahari yangu? Niliandika kwamba chini ya ukuta kuna chemchemi ya ajabu, ambayo kila mwaka hutoa maji kwa siku tisa, kati ya tarehe 20 na 28 Septemba, kiangazi kikiwa kikali kabisa. Wapimbwe, wenyeji wa kule chini ya mto, waliniambia wanayaita Maji ya Malaika, kwa kuwa hukoma siku ya kuamkia sikukuu ya Malaika Wakuu. Niliyapima kwa mikono yangu Septemba 2022. Wewe mwenyewe ulinishikia kamba.

Sasa Mwalimu anasimama kila baraza na nakala mkononi: "Binti yenu msomi amethibitisha kwamba mto una chemchemi yake. Ukuta unamdhuru nani?"

Nahitaji vitu viwili, Sogokuru. Nahitaji daftari lako la bwawa, ambamo kila asubuhi umeandika kina cha maji na hali ya lango la maji. Na nakuhitaji wewe mwenyewe mbele ya kamati. Wewe ni mushingantahe, mzee wa haki. Warundi wenzako wa Katumba walikukabidhi fimbo, ukaapa kwamba ulimi wako hautajua njia ya uongo. Watakaokupinga hawajazaliwa.

Mjukuu wako asiyenyamaza,
Aline


Kituo cha Bwawa, Kamwelu,
19 Mei 2024

Mjukuu wangu Aline,

Marahaba. Barua yako imeletwa na Dieudonne kwa bodaboda yake, imekunjwa hadi inafanana na sambusa. Hapa ni wazima. Mama yako yuko Misunkumilo, ana kikohozi na maneno, kikohozi kinapungua. Kuku watatu wamechukuliwa na kicheche. Mahindi ya Kakese mwaka huu yamebeba.

Kuhusu hayo ya kamati. Daftari ni mali ya ofisi ya maji, siyo langu. Mimi natunza tu. Siwezi kulichukua kama mwavuli nikaenda nalo mjini. Na mgongo wangu haupendi benchi la mikutano.

Nyie wasomi mna haraka. Mto ulikuwepo kabla ya tasnifu, utakuwepo baada yake. Wewe maliza uzamili wako. Ukuta umeoza wenyewe, chuma cha gurudumu la lango kimeota kutu hadi kinauma mkono. Uacheni uanguke siku yake.

Kitu kimoja nataka kuuliza, unijibu kwa ufupi. Hiyo chemchemi, ukiiondoa kwenye kitabu, shahada yako inapungua?

Nakuombea.

Babu yako,
Pontien, Mtunza Bwawa


Morogoro,
2 Juni 2024

Sogokuru,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta humo mtu ninayemfahamu. Nilikuta kuku, kikohozi na mahindi. Mushingantahe sikumkuta.

Unasema ukuta uachwe uanguke siku yake. Je, viboko nao wafe siku yao? Je, mwanamke wa chini anayechimba mchanga kwa bakuli ili apate ndoo moja, naye asubiri kutu imalize kazi ya kutu? Dhuluma haistaafu kwa hiari yake, Sogokuru. Hilo sikulisoma Morogoro. Nililisikia kwako, nikiwa na miaka tisa, ulipokuwa ukituhadithia jinsi mlivyovuka mpaka mwaka 1972.

Kisha Dieudonne akanipigia simu. Amemwona Mwalimu Maximilian akitoka kituoni kwako, na mlangoni pako pameachwa tenga la nyanya. Nilimwambia kaka yangu kwamba ameona vibaya. Akasema nyanya hazifanani na kitu kingine.

Nakuuliza basi bila kuzunguka, kama ambavyo wewe huwauliza wanaogombana mpaka wa shamba: hiyo fimbo yako imeanza kuota nyanya? Umenyamaza kwa sababu ya mgongo, au kwa sababu ya tenga?

Nakuandikia wewe mwenyewe. Ulinifundisha kwamba neno linalostahili kusemwa mbele ya mtu lisisemwe nyuma yake. Nijibu, au niambie nisikuulize tena.

Aline


Kituo cha Bwawa, Kamwelu,
30 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa naandika na kuchana.

Nyanya nilikula. Zilikuwa nzuri. Mwalimu alileta akitaka nije kuieleza kamati kwamba lango halijafunguliwa tangu mgodi ufungwe, kama daftari linavyosema. Nikamwambia daftari linajisemea lenyewe. Akaondoka ameridhika.

Sasa sikiliza. Mwaka 1997 kiangazi kilikuwa kibaya. Septemba alikuja hapa Mama Eufrazia, Mpimbwe wa kule chini, kwa miguu, amebeba ndoo kichwani. Huyo Eufrazia ndiye aliyetuonyesha viazi vya porini vya kula tulipotupwa msituni mwaka 1973, na mama yako bado hajazaliwa. Sikuwa nimemlipa hata kwa salamu. Aliweka ndoo chini. Ndani mlikuwa na kambale mmoja aliyekaukia kwenye tope kama tofali. Akamtoa, akamweka juu ya meza yangu, juu ya daftari. Akasema, "Huyu ni wako, kwa sababu wewe ndiye mwenye maji." Akageuka akaenda. Hakuomba kitu.

Amri ya ofisi ilikuwa lango lisifunguliwe bila barua yao. Na mimi wakati ule nilikuwa mkimbizi, sina uraia, nina watoto sita na kazi moja. Mkimbizi akifungua maji ya watu bila ruhusa, anarudishwa wapi? Kesho yake alfajiri nilishika gurudumu, nikalizungusha mara arobaini. Maji yakatoka. Jua lilipopanda nikalifunga. Nikafanya hivyo siku tisa, kama novena, nikamaliza kabla ya Malaika Wakuu. Na kila siku, nikirudi mezani mikono imelowa, niliandika: Lango limefungwa.

Mwaka uliofuata nilirudia. Na uliofuata.

Mwaka 2003 wazee walipoona nafaa, waliniita kunipa fimbo. Nilipiga fimbo ile chini mbele ya watu, nikaapa, na daftari liko nyumbani limefunga mdomo. Nikasema moyoni, kiangazi kijacho nitaacha. Sikuacha. Uraia tulipata mwaka 2014, hofu ikaisha, na uongo umeshakuwa mzee. Uongo ukizeeka unaona aibu kutoka nje.

Chemchemi yako ni mimi, Aline.

Septemba ile ulipokuja na vyombo vyako, niliamka kabla yako nikafungua. Kisha nikaja kukushikia kamba. Ulivyoona maji uliingia na viatu, ukacheka, ukasema umegundua kitu ambacho hakimo kwenye ramani. Ningesemaje pale? Nikaendelea kushika kamba. Nilikufanya uandike uongo wangu kwa mwandiko wako mzuri, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko daftari.

Nikisema mbele ya kamati, mto utapona na fimbo itachukuliwa. Hapa kwetu mtu haitwi kwa jina, anaitwa kwa neno lake. Nimebakiwa na hilo tu la kuzikwa nalo. Niambie unavyoona. Na usinihurumie.

Kingine. Umeandika kurasa nyingi za hasira juu ya wakulima wa nyanya. Nao ni watu, na wana watoto shuleni. Sijaona mstari hata mmoja unaosema watamwagilia na nini ukuta ukiondoka.

Pontien


Morogoro,
9 Julai 2024

Sogokuru mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Nilikutukana kwa nyanya, na wewe ulikuwa umebeba mto mzima mgongoni. Neno lile la fimbo nalifuta, ingawa najua wino haufutiki.

Nimecheka pia, kicheko cha mtu aliyejikwaa hadharani. Ni chemchemi gani duniani inayosali novena? Nilikuwa na vipimo, nilikuwa na majedwali, nilikuwa na kila kitu isipokuwa akili ya kuuliza kwa nini maji yanaifahamu kalenda ya Kanisa. Msimamizi wangu aliposikia, alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kosa la mwanasayansi si kukosea. Kosa ni kulipenda kosa lake.

Sitalipenda. Tayari nimeiandikia kamati, kwa sahihi yangu, kwamba ukurasa wa arobaini na moja ni batili: chini ya ukuta hakuna chemchemi, na maji niliyoyapima yalitoka kwenye lango. Kuhusu swali lako la Mei, shahada haipungui. Hata kama ingepungua, ningeiandika barua ile ile.

Ila sikuandika ni mkono wa nani uliofungua. Hilo nimeliacha nje. Uliniambia nisikuhurumie, nami nimekaidi. Utanilaumu kwa kuficha kile ambacho juzi nilikuwa nakidai kwa kelele. Nilaumu. Nilidhani ukweli ni kitu cha kuwarushia watu wengine. Sikujua una uzito gani mtu anapoombwa aubebe kutoka nyumbani kwake. Usije Mpanda. Siku hiyo mimi nina mtihani hapa na sitakuwepo kukaa karibu nawe. Najua Mwalimu atainuka na kusema kwamba msichana amebadili maneno, na kwamba daftari la serikali linaonyesha lango limefungwa miaka yote. Aseme. Hoja zetu zina miguu mingine, na zitasimama.

Kuhusu wakulima, umenishinda. Nimeongeza kurasa mbili: mfereji mdogo unaochukua maji pembeni mwa mto, usio na ukuta, wenye zamu. Nimemtumia Mwalimu nakala kabla ya kamati, kwa heshima. Mkono ulikuwa mzito kuandika neno heshima, lakini niliandika.

Kaa nyumbani, Sogokuru. Kunywa chai. Tutashinda.

Mjukuu wako,
Aline


Kituo cha Bwawa, Kamwelu,
24 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Nilikunywa chai, nikaenda.

Dieudonne alinipakia, daftari nimelifunga kwa kitambaa cha bibi yako. Ukumbi ulijaa. Mwalimu alisoma barua yako kwa sauti nzuri, ile ya kufundishia, akasema msichana aliona chemchemi mwaka juzi, mwaka huu haioni, mwakani ataona bahari. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, ilikuwa tamu. Halafu akaniona nimekaa, akafurahi. Akaniomba nisimame niieleze kamati lango lilifunguliwa lini mara ya mwisho.

Nikasimama na fimbo. Nikasema, "Tarehe ishirini na nane Septemba mwaka jana, alfajiri, kwa mkono huu."

Nikafungua kitambaa, nikaliweka daftari mezani. Mwalimu akafungua daftari, akanionyesha mwandiko wangu mwenyewe: Lango limefungwa. Akauliza polepole, siyo kwa ubaya, "Mzee, basi umeandika uongo mara ngapi?"

Nilikuwa nimeshahesabu. Miaka ishirini na saba, siku tisa tisa. Nikamwambia, "Mia mbili arobaini na tatu."

Kule nyuma akasimama Eufrazia. Kumbe aliletwa na wajukuu zake, ameshikiliwa huku na huku. Akasema hayo maji alikuwa akinywa yeye, na anajua yalikotoka tangu siku ya kwanza, na yeye ndiye aliyeyapa jina la Malaika ili mtu asiulize. Akasema, "Kama mnaandika wakosaji, niandikeni na mimi. Eufrazia, kwa herufi kubwa."

Wameamua ukuta uondolewe. Wataushusha kidogo kidogo, kuanzia Agosti, ili mchanga usiwafunike wa chini. Na mfereji wako wa pembeni wameukubali. Aliyeupigia debe ni Mwalimu. Alisema umeandikwa na mtu mwenye adabu. Nikamwambia ni mjukuu wangu, akasema ameshangaa.

Jumapili wazee waliniita Katumba. Arcade ndiye mkubwa wao sasa. Niliweka fimbo chini mwenyewe kabla hajaniambia. Kwa mila yetu, mushingantahe akipatikana na kosa analeta urwarwa, pombe yetu ya ndizi, inanywewa mbele ya watu na jambo linaisha. Mimi nilikuwa tayari na mtungi. Arcade akakataa. Akasema kosa langu ni la mia mbili na zaidi, haliishi kwa mtungi wa leo. Hukumu ni hii: ukuta ukishatoka, Septemba ya mwaka 2025, wazee watakuja kukaa mtoni hizo siku tisa. Mto ukipita bila mkono wangu, pombe itanywewa. Usipopita, nitabaki bila fimbo hadi kaburini, kwa kuwa itakuwa nimedanganya na juu ya mto.

Ndiyo hivyo. Nimelala vizuri tangu siku hiyo. Mtihani wako ulikuwaje?

Pontien


Morogoro,
11 Novemba 2024

Sogokuru,

Mtihani nilifaulu. Lakini somo nililolipata lilikuwa Mpanda, katika ukumbi ambao sikuwemo.

Tangu nirudi huku nakumbuka ile wiki ya Oktoba, mimi na wewe tumesimama kwenye ukingo, mashine ikimega kipande cha mwisho cha zege. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Unajua nilikuwa nimeiandaa. Uliniona nikiisoma bandani kwa kuku. Nilitaka kusema kwamba hapa wananchi wameivunja minyororo, na mengine ya namna hiyo. Kisha maji yakapita pale penye pengo, membamba kama mkanda, ya rangi ya chai, bila kumwomba mtu ruhusa, na hotuba yote ikanitoka. Mwalimu Maximilian alikuwa amesimama pembeni yetu na jembe lake la mfereji. Alisema tu, "Kumbe ni mto." Sitaandika sentensi bora kuliko hiyo hata nikisoma hadi shahada ya tatu.

Hukumu ya Arcade nilipoisikia nilikasirika. Niliona ni ukatili kumpachika mzee wa miaka themanini kwenye hali ya hewa. Sasa sikasiriki. Nina vipimo vya mto ulivyokuwa kabla ya ukuta, Eufrazia ana kumbukumbu za utoto wake, na vyote viwili vinasema jambo moja: mto Kamwelu ulikuwa ukitembea hadi Oktoba. Safari hii nimevikagua mara tatu, nikiwa na shaka, kama mtu aliyewahi kuaibishwa na chemchemi. Mto utapita. Naliweka neno langu mahali fimbo yako ilipokuwa.

Ila ahidi kitu kimoja: usiamke usiku kwenda kuusaidia.

Aline


Kamwelu,
30 Septemba 2025

Mjukuu wangu Aline,

Niliahidi, na hata ningetaka nisingeweza. Wazee saba walikuja tarehe kumi na tisa na mikeka, wakiongozwa na Arcade. Kila alfajiri walinikalisha katikati yao ukingoni, mikono juu ya magoti, ionekane. Nikawauliza nitafungua nini, na lango limeshaenda kuyeyushwa kuwa sufuria? Arcade akasema, "Tunakufahamu." Dieudonne alipita na abiria wake kutuangalia kila asubuhi, anasema tulifanana na korongo wanaosubiri samaki.

Siku ya kwanza maji yalikuwa yanapita, ya kifundoni. Siku ya tano yalipungua, Arcade akanitazama kwa jicho moja. Kumbe ilikuwa zamu ya mfereji. Mwalimu akaja mwenyewe mbio, amekunja suruali, akasema kuna mtu amepitiliza saa yake, akaenda kufunga. Maji yakarudi. Nikafikiri, huyu mtu nilikula nyanya zake.

Siku ya saba vijana walirudi kutoka bonde la juu wakasema wameona vitoto vya kambale kwenye madimbwi, kule ambako mimi katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuwaona. Viboko bado ni wachache hapa, wengi wako chini zaidi, lakini wawili wamehamia kona ya kwa Eufrazia na wanamkosesha usingizi. Analalamika kwa furaha.

Siku ya tisa, tarehe ishirini na nane, tulikaa hadi jua likawa kali. Mto ulikuwa unapita. Arcade akainuka, magoti yakalia, akachukua fimbo yangu kutoka kwenye mkeka wake, akaipiga chini mara moja, akanipa. Hakuhubiri. Mtungi wa urwarwa ukaletwa, tukaanza.

Tukiwa tunakunywa, akaja mjukuu wa Eufrazia amebeba ndoo. Bibi yake hawezi kutembea tena kufika huku. Nilichungulia ndani nikaona kambale, mzima, anapiga mkia hadi maji yakaniruka usoni. Yule binti alikuwa ameagizwa maneno, akayatoa taratibu asikosee:

"Bibi anasema, huyu siyo wako."

Nimemrudisha majini mwenyewe, ingawa Arcade alikuwa ameshatafuta sufuria.

Daftari nimelipeleka ofisini. Ukurasa wa mwisho nimeandika tarehe, na pale pa hali ya lango nimeandika: Hakuna lango.

Babu yako,
Pontien
aliyekuwa Mtunza Bwawa